Hela za Jicho la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungiwa akaunti. Mimi! Fundi cherehani mwenye heshima zake, ambaye kitambaa cha mteja kikibaki nusu mita namrudishia. (Robo mita simrudishii. Robo mita ni ya fundi, dunia nzima inajua.)

Nilikuwa duka la vitambaa. Nimechagua kaki ya sare za shule, tumeshapatana bei, najitia tajiri mbele ya watu. Nalipa kwa simu. Inakataa. Narudia. Inakataa. Mwenye duka akaanza kuirudisha kaki yake rafuni, taratibu, bila kuniangalia usoni. Halafu ukaingia ujumbe: akaunti yangu imefungwa kwa tuhuma za udanganyifu, nifike tawini na kitambulisho. Nikauziba kwa kiganja na kumwambia mwenye duka ni mtandao. Siku hizi kila kitu unaweza kusema ni mtandao.

Niseme ukweli, maana humu hakuna anayenisoma. Kosa ni la benki. Mwezi uliopita niliwaomba mkopo wa ovaloki, ile mashine ya kuziba kingo za nguo zisitoe nyuzi. Dada wa mikopo akatazama kompyuta yake na kusema akaunti yangu haina mzunguko. Nikarudi nyumbani nimenuna. Usiku huo nikapata wazo. Wanataka mzunguko? Watapewa mzunguko mpaka wakome.

Nikazizungusha. Asubuhi hela zinatoka kwangu kwenda kwa mama mkwe. Mchana zinatoka kwa mama mkwe kwenda kwa muuza nyama, jirani wa kibanda changu. Jioni zinarudi kwangu. Kesho yake tena. Mke wangu nilimwomba ajiunge akakataa, eti hela zake hazipendi kutembea. Mama mkwe alikubali bila swali. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona vivuli tu, kwa hiyo mimi nilikuwa nabonyeza na yeye anaingiza namba ya siri kwa kupapasa. Nilimwambia ni hela za mashine. Alifurahi mno. Alisema tangu macho yaanze ukungu hakuna aliyempa kazi yoyote.

Tatizo ni moja tu. Hela zenyewe ni za jicho lake. Ndugu wote wamechanga, zikawekwa kwangu. Operesheni ya jicho la kulia ni Ijumaa ya wiki ijayo, na hospitali wanataka walipwe Jumatano yake. La sivyo nafasi anapewa mtu mwingine, na yeye anarudi mwisho wa foleni akangoje miezi.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alitaka azishike yeye. Mimi namwita Mkaguzi, kwa sababu hata chumvi ya nyumba za watu anaikagua. Mama mkwe ndiye aliyekata shauri kwamba zikae kwa mkwe wake. Ni mara ya kwanza tangu nioe kuaminiwa kitu na ukoo ule, ukiacha kubeba magunia.

Basi hakuna haja ya kuwasumbua. Kesho nakwenda benki, nalimaliza.

Jumanne, 4 Machi

Sijalimaliza.

Mlinzi wa mlangoni aliniuliza shida yangu kwa sauti ya kuita wachezaji uwanjani. Nikamnong'oneza. Akarudia kwa sauti ileile: "Aah, udanganyifu! Ghorofani, mlango wa mwisho!" Foleni nzima ikageuka.

Mlango wa mwisho alikuwepo bwana mmoja mwembamba, mrefu, anayeongea kidogo na kuchoma. Nimempa jina la Sindano. Alikuwa amechapa miamala yangu yote na kuipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Aliniuliza kuhusu maelezo.

Hapa lazima nieleze. Ukituma hela, simu inauliza za nini. Nilifikiri nikiacha wazi itaonekana biashara ndogo. Kwa hiyo kila mara niliandika kitu chenye uzito. Sindano akanisomea yote bila kubadilisha uso. "Mzigo umefika salama." "Ule mzigo mwingine." "Sehemu ya Bosi." "Bosi asante." "Wasijue."

Akauliza ni mzigo gani. Nikasema ni usemi tu. Akauliza ni akina nani hao wasijue. Nikasema wakwe. Akaandika. Akauliza huyu bibi ambaye hela zote zinapitia kwake ni nani, na kwa nini anaitwa Bosi. Nikaona hapa nikimtaja mama mkwe watampigia, na akipigiwa nimekwisha. Nikasema simjui.

Nimemkana mama mkwe wangu mchana kweupe! Sindano akafungua karatasi nyingine, ya bibi huyohuyo, pale palipoandikwa mtu wa karibu wa kuwasiliana naye. Pana jina langu. Na sahihi yangu, ile yenye mkia.

Uchunguzi unaendelea. Hela haziguswi. Nimerudi nyumbani, mama mkwe akaniuliza leo hatufanyi kazi yetu? Nikamwambia benki wamepumzika.

Jumatano, 5 Machi

Mpango: muuza nyama aende benki akanitetee. Ni mtu mzito, ana sauti, na koti lake jeupe likifuliwa anafanana na daktari.

Kumbe na yeye amefungiwa. Na mama mkwe pia, nimejaribu kwa simu yake, imekataa. Muuza nyama alikuwa kwenye mnada wa mbuzi, ameshashika kamba ya mbuzi mkononi, malipo yakagoma. Ameachia kamba mbele ya wachuuzi wenzake. Aliniambia haya yote huku anakata mbavu, na kila nukta aliitia kwa shoka.

Nikamweleza kwamba sote ni wahanga wa kompyuta. Alisema kompyuta haikumwomba namba ya akaunti, nilimwomba mimi. Kuanzia leo hanikopeshi nyama. Nikauliza hata mifupa ya mbwa? Akanijibu kwamba mimi sina mbwa. Nikaondoka na heshima yangu kiasi kilichobaki.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Sindano anavaa suruali inayomning'inia nyuma. Mtu wa namna hii hajawahi kukutana na fundi. Nimeshona jana usiku kucha, suruali ya kijivu, bitana mpaka magotini, mfuko wa siri. Kipimo nilikikadiria kwa jicho. Jicho langu halikosei.

Nikaifunga kwenye gazeti, nikaipeleka. Sindano akafungua, akaitazama, akaikunja vizuri kuliko nilivyoikunja mimi. Halafu akachukua kalamu nyekundu. Niliweza kusoma kichwa chini: "Mteja amejaribu kutoa hongo." Nikamwambia si hongo, ni suruali. Akaongeza: "ya kijivu."

Wakati wa kutoka mlinzi akaomba kuiona. Akaijaribu chooni. Imemkaa kama amezaliwa nayo. Akanilipa palepale, taslimu, na kuniuliza kama nina ya bluu. Kwa hiyo siku haikuwa mbaya kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Mkaguzi amekuja. Kwanza akasema mlango wetu unalia. Halafu akasema chai ni nyepesi. Halafu akasema anataka kuona salio la hela za mama, si kwamba haniamini, bali kwa kuwa haniamini.

Nikamwambia simu imeingia maji. Akasema ilete tuikaushe. Nikaenda uani kuileta. Pale uani nikatambua kwamba simu ni kavu kabisa, na Mkaguzi ni mtu wa kupapasa. Ndoo ilikuwa pale. Nikaichovya kidogo tu.

Nilikusudia kuichovya kidogo. Ikaniponyoka.

Mkaguzi ameishika, imechuruzika maji mapajani kwake, ameridhika. Ameahidi kurudi Jumanne. Mimi nimeponea chupuchupu! Simu imekufa kweli, lakini hilo ni jambo dogo. Nani atanipigia?

Jumamosi, 8 Machi

Sindano alinipigia. Mara nne. Alipokosa kunipata akapiga namba ya mke wangu, akamuuliza kwa adabu kama mumewe ametoroka.

Mke wangu alikuja kibandani na kanga yake begani, akaketi kwenye kiti cha wateja. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniuliza swali moja moja, na mimi nikamwaga yote, kuanzia ovaloki mpaka ndoo. Nilipofika kwenye suruali alifunga macho. Mwisho alisema mama yake hajauona uso wa mjukuu wake mdogo. Kwamba kila jioni anamwita, anampapasa pua na masikio, na anauliza amefanana na nani.

Nikasema nitatengeneza. Akasema hapana, usitengeneze chochote, ukitengeneza tutauza nyumba. Kesho unamwambia mama.

Nimejaribu kula, nimeshindwa. Naona aibu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Jumapili, 9 Machi

Nilijikaza kisabuni mpaka saa kumi. Mama mkwe alikuwa barazani anachambua mchele kwa vidole. Nikapiga magoti. Akauliza nimedondosha nini.

Nikamwambia. Hela ni zako, za jicho. Nilizizungusha, zimefungwa, na Jumatano ndiyo mwisho.

Vidole vikaendelea kwenye mchele, akatoa jiwe moja, akalitupa. Aliuliza kama hela zimeliwa. Nikasema hapana mama, zipo, ila zimefungiwa. Aliuliza kama ndizo hizo alizokuwa akizituma kila siku kwa kidole chake. Nikasema ndizo. Akauliza na huko benki nimejieleza vipi. Nikasema nilisema simjui.

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, mke wangu akatoka ndani kuangalia kuna nini. Halafu akafuta macho na kusema kesho nimpeleke, na nikae kimya njia nzima, maana mdomo wangu unatugharimu.

Jumatatu, 10 Machi

Niandike haraka kabla sijasahau hata neno moja.

Mama mkwe alivaa gauni lake la kutokea, nililomshonea mimi. Mlinzi alitupokea akiwa na suruali yangu, akatupandisha ghorofani mwenyewe. Sindano akasimama. Mama mkwe akapapasa meza, akaupata mkono wake na kuushika. Akamwambia: "Mwanangu, mimi ndiye Bosi."

Sindano alikaa chini.

Akamwambia kwamba mkwe wake si tapeli. Tapeli, alisema, anahitaji akili ya kukumbuka uongo wake, na huyu akidanganya asubuhi, mchana ameshasahau. Hela ni za jicho. Alizituma yeye mwenyewe na namba ya siri aliiingiza kwa hiari, akiamini ni kazi. Kama kuna kosa, nusu ni lake. Na operesheni ni Ijumaa, na angependa kumwona mjukuu wake kabla hajaota ndevu.

Nilikaa kimya kama nilivyoagizwa. Lilikuwa jambo gumu.

Sindano alirudia karatasi zake moja moja. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia. Alisema wiki nzima amekuwa akitafuta faida. Katika kila utapeli kuna mtu anayepata. Hapa amefuata hela mzunguko baada ya mzunguko, na hakuna aliyepata, isipokuwa benki yenyewe, iliyokata ada kila zilipopita. Alisema katika kazi yake hajawahi kuona kitu kama hiki. Nadhani alimaanisha vizuri.

Maamuzi: akaunti ya mama mkwe na ya muuza nyama zitafunguliwa. Yangu imefungwa moja kwa moja. Hela za jicho benki itazituma yenyewe hospitalini, tukileta karatasi ya hospitali.

Ila ada zimezila. Zimepungua, si haba. Na pengo hilo kuna mtu mmoja tu anayeweza kuliziba kabla ya Jumatano.

Jumanne, 11 Machi

Mkaguzi ameliziba pengo. Ametoa hela bila kusita, kwa ajili ya mama yake, na kwa hilo namheshimu.

Kabla ya kutoa alinitaka nisimulie tangu mwanzo. Nikasimulia. Akaita wadogo zake wawili, akaniambia nirudie. Alipofika mke wa mdogo wake wa mwisho, nikarudia sehemu ya ndoo peke yake, kwa kuigiza. Harusi, misiba, popote tutakapokutana mpaka tuzeeke, ndoo itakuwepo. Sijali. Pengo limezibwa!

Jumatano, 12 Machi

Zimefika. Karani wa hospitali amegonga muhuri na kusema Ijumaa saa mbili asubuhi, asile kitu.

Nilitoka nje nikaegemea ukuta. Mke wangu akanikuta pale, akaegemea na yeye. Baadaye akanishika mkono, jambo ambalo hatufanyi barabarani, na tukatembea hivyo mpaka kwa muuza nyama. Alitupimia kilo nzima. Akaongeza mfupa juu, wa mbwa wangu, alisema.

Jumamosi, 15 Machi

Operesheni jana, bandeji leo. Tulijazana wodini mpaka muuguzi akakasirika. Daktari akabandua taratibu.

Mama mkwe alipepesa. Alitazama dirisha. Alitazama mikono yake, mbele na nyuma. Mke wangu akamsogeza mtoto kitandani, na bibi akamshika kidevu, safari hii hakupapasa, alimtazama tu. Akasema: "Kumbe ni mimi mtupu." Tukalia wote. Mkaguzi alilia zaidi yangu, na kamasi juu. Sijawahi kupata raha kama ile.

Halafu jicho likaniangukia mimi. Akanikagua toka juu hadi chini na kusema kwa miaka yote hii alinidhania mrefu.

Halafu likaliangukia gauni lake, limetundikwa ukutani. Hapo nikakumbuka robo mita zangu. Lile gauni nililishona kwa vipande vya wateja watano: mkono mmoja maua, mwingine mistari, mgongoni kaki ya shule. Nilijiambia atajuaje. Alilitazama kwa muda mrefu. Akasema afadhali alikwenda nalo benki akiwa haoni.

Alhamisi, 20 Machi

Nyumba ina amani. Mama mkwe anasoma kila kinachopita mbele yake, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Pakiti ya sabuni, kalenda, kiberiti, hata namba za futi yangu ya kupimia. Tunamwachia. Ndugu wameshachanga hela za jicho la kushoto, na safari hii kwa kauli moja zimewekwa kwenye akaunti ya mke wangu. Uamuzi wa busara, nimeuunga mkono. Sitaki kuzigusa na sijazigusa.

Mimi nina mambo makubwa zaidi. Maneno ya Sindano hayanitoki kichwani, kwamba hajawahi kuona kitu kama changu. Mtu kama yeye hasifu ovyo. Benki ina watu wanaosoma utapeli kwenye vitabu, lakini nani ana uzoefu wa vitendo? Nimeandika barua ya kuomba kazi kwenye kitengo chake. Mshauri. Hata nusu siku tu, nipate za ovaloki.

Barua pekee haitoshi, lazima nioneshe kazi. Kwa hiyo nimefungua akaunti benki nyingine, kwa simu mpya ya kuazima. Asubuhi mke wangu alipokuwa sokoni nilichukua simu yake (namba ya siri ni mwaka tuliooana, anaamini siukumbuki), nikatuma kihela kidogo kutoka kwangu kwenda kwake, nikakirudisha, nikakituma tena. Mara kumi na mbili. Hela za jicho zimekaa palepale, hazikusogea hata senti.

Na somo nimelipata. Nilikosea nini mara ya kwanza? Nilidanganya kwenye maelezo. Leo nimeandika ukweli mtupu, mara zote kumi na mbili: "Mazoezi ya utapeli."

Nimeketi barazani, nimekunja nne, nimetulia. Mke wangu amerudi, anafagia. Simu yake imelia kwenye mkeka, ujumbe kutoka benki. Wepesi ulioje, hata barua sijaipeleka! Mama mkwe ameiwahi kabla yetu, ameanza kusoma kwa sauti, na anasoma vizuri jamani, hasiti hata kidogo. "Mteja wetu mpendwa, tunakuarifu kwamba akaunti yako..." Hapo amenyamaza, ameisogeza simu karibu na jicho. Mke wangu ameacha kufagia. Bila shaka ni hongera.